Unga Ulipokwisha, Wote Walipona

Habari ya msiba huu nimeletewa na muuza mkaa. Mtu huyu huniletea gunia kutoka Masaki, kule Kisarawe, na kwa kawaida mazungumzo yake ni mvua, korosho na ubovu wa barabara. Safari hii alishusha gunia, akajipangusa uso kwa upindo wa shati, akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Yule mzee wa mikate kule kwetu tumemzika juzi." Nikamwuliza mzee yupi, ingawa nilikwisha kujua. "Yule aliyewahi kuwekwa hospitali ya vichaa. Lakini hakuwa kichaa," akaongeza upesi, "alikuwa mtu mzuri sana, na watoto wote pale walimpenda." Niliingia ndani nikakaa kitako, gunia likabaki mlangoni hadi jioni. Nyinyi mnaonisoma mmenizoea kwa kuwacheka wakubwa wa maofisini, na leo nitawacheka vilevile, ila mmoja wa watakaochekwa ni mimi mwenyewe, na sina hakika kama kicheko hicho kitafika mwisho wa safu.

Katika ujana wangu, miaka ile tulipokuwa tukihubiriwa kujitegemea asubuhi na jioni, nilikuwa karani wa hospitali moja upande wa Kibaha ambayo sitaitaja. Ilitibu maradhi ya akili. Mganga mkuu wetu alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na shauku moja kubwa, kuwatibu watu kwa kazi. Aliamini kwamba mtu anayelala kutwa akitazama dari hawezi kupona, na katika hilo hadi leo naona hakukosea. Basi wagonjwa wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajenga tanuri kubwa na banda la kukandia unga, wakakusanya kuni za mikorosho iliyozeeka, na juu ya mlango tukaandika kwa rangi nyekundu KAZI NI TIBA. Kwa mujibu wa mpango, mgonjwa angeingia pale akiwa amevurugikiwa, angekanda, angechoma, angetulia, angepona, kisha angetoka na kumpisha mwenzake. Sehemu ya kuingia ilifanya kazi vizuri sana.

Marehemu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Ndugu zake walimleta juu ya lori la mkaa, mikono imefungwa kamba ya katani, kwa sababu tangu mkewe afe kwa uzazi hakusema na mtu na usiku na mchana alilala juu ya kaburi. Alikaa wodini miezi michache bila neno. Siku moja alipita karibu na banda la mikate, akasimama, akamtazama mtu aliyekuwa akikanda vibaya, akamsogeza kwa bega. Neno lake la kwanza hospitalini kwetu lilikuwa, "Maji mengi." Mkulima wa muhogo huyu, ambaye kwao mkate wa ngano ulionekana Idi na harusini, alikuwa na mikono ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Hamira ilipoadimika aliomba apatiwe tembo la mnazi changa, lililogemwa alfajiri ile, akachachulia unga kwa hilo, yeye Mwislamu ambaye hakuwahi kulionja. Alilipima kwa kulinusa tu. Baada ya wiki chache kila mtu, kuanzia wagonjwa hadi mganga mkuu, akawa anamwita Fundi, na kwa jina hilo nitamwita hapa.

Sifa ya mikate ilitoka nje ya ua wa hospitali. Watu wa Mlandizi walianza kuja mapema kusubiri dirishani, wafanyakazi waliokwenda Dar kila siku walipita kuchukua ya kupelekea wakubwa zao, na jina likajizalia lenyewe, mikate ya vichaa. Ungesikia mama wa heshima zake, kanga mbili mpya, akisema bila kupepesa, "Nipatie ya vichaa, ile nyingine siitaki, ngumu." Mke wa kiongozi mmoja wa wilaya, ambaye aliogopa hata gari lake kusimama karibu na geti letu, alimtuma dereva kila Ijumaa, na dereva akaagizwa ashike pumzi akipita kwenye wodi. Pumzi alishika, lakini kipande cha kwanza alikimaliza kabla hajafika barabara kuu. Waliotuogopa hivyo ndio waliotumalizia mikate, na sisi tuliona fahari tupu.

Sasa niwaeleze kamati. Kila baada ya miezi mitatu ilikaa kamati ya kuamua nani amepona aruhusiwe kwenda kwao. Wajumbe walikuwa mganga mkuu, wakuu wa wodi, na msimamizi wa miradi, na mimi nikawa mwandishi wa muhtasari. Tulikaa mezani, chai ikaletwa, na mbele ya kila mjumbe kipande cha mkate wa Fundi, kingali moto. Mganga mkuu alikuwa na desturi ya kuubonyeza mkate kwa kidole gumba kabla ya kuuma. Ukibonyea na kurudi juu wenyewe, alitikisa kichwa kwa ridhaa. Kisha jina la Fundi lilisomwa. Analala vizuri? Analala. Anakula? Anakula. Anaongea na wenzake? Anawafundisha. Hapo msimamizi wa miradi alikohoa na kusema, "Ndugu mwenyekiti, mimi naona bado tusimharakishe." Mganga mkuu alitazama mkate wake, akafikiri, akasema kweli, tusimharakishe, kazi inamsaidia sana, tukimtoa mapema tutamharibu. Nami niliandika: Aendelee na matibabu. Niliandika hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nina makombo mdomoni.

Wala msidhani walikuwa watu wabaya. Kila mmoja wao angeapa kwa dini yake kwamba anamtakia Fundi mema. Hawakusema hata siku moja, hata faraghani, kwamba wanamshikilia kwa sababu ya mkate. Walikuwa wamefika mahali ambapo mkate mzuri uliwathibitishia kwamba tiba inafanya kazi, na kwa kuwa tiba inafanya kazi, isikatishwe. Kadiri alivyozidi kuwa hodari ndivyo alivyozidi kuonekana mgonjwa anayestahili kuendelea. Nimewaona watu wa namna hii katika ofisi nyingi baada ya hapo, na wengi wao wana roho nzuri na wanasalimia vizuri.

Ubaya ulikuja pale watu wa kwao Masaki walipoanza kuhamishiwa katika kijiji cha ujamaa. Mama yake Fundi alikuwa mzee, peke yake, na viwanja viligawiwa kwa kaya zenye mtu wa kujenga. Mama akasema ana mwanawe. Viongozi wa kijiji wakamjibu kwamba mtu aliye katika hospitali ile hahesabiwi mpaka alete cheti cha kupona chenye muhuri. Basi kikongwe akawa analala chini ya paa la jirani, akingoja cheti. Alikuja kututembelea mara mbili, kwa miguu na kwa malori ya watu, na mara zote aliniletea mihogo mibichi amefunga katika upande wa kanga, kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye ninayeandika. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "wewe si ndiye mwenye kalamu? Basi niandikie tu kwamba amepona." Nikamjibu, kwa lugha ya ofisi, kwamba suala lake linashughulikiwa. Mihogo nilikula.

Palikuwa na muuguzi mmoja mtu mzima, Mnyamwezi, mtani wa Wazaramo wote duniani, ambaye kwa haki ya utani alimwambia Fundi yale ambayo sisi tuliyaogopa hata kuyafikiri. Siku moja alisimama mlangoni pa banda, mikono kiunoni, akapaza sauti ili wote tusikie. "We Mzaramo we, mjinga wa mwisho! Unawapikia watu mikate laini halafu unangoja wakufukuze? Unguza, baba! Unguza tanuri zima, jioni uko kwenu unacheza ngoma!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi naye alicheka. Lakini asubuhi moja, baada ya kupata habari kwamba mama yake anaumwa miguu, aliacha mikate tanurini mpaka ikawa myeusi. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale akiisikia inaungua, na kwamba tangu kaburini kwa mkewe hakuwahi kuumia namna ile, kwa kuwa wodi zote zilikunywa chai kavu siku hiyo, na wenzake hawakuwa na kosa.

Kamati iliitishwa haraka. Mkate mweusi uliwekwa juu ya meza, mganga mkuu akaubonyeza, haukubonyea. Kwa masikitiko ya kweli kabisa akasema, "Mnaona? Ugonjwa umerudi." Dozi ya Fundi ikaongezwa maradufu, na kwa wiki nzima alitembea akiburuta miguu, mate yakimtoka, mikono ikimtetemeka. Alipopata nafuu alirudi tanurini, mikate ikarudi kuwa laini, na kamati ikafurahi kuona tiba inafanya kazi. Yule mtani wake hakupaza sauti tena. Nilimkuta nyuma ya stoo akilia, na aliponiona alijifanya moshi umemwingia machoni.

Halafu unga ukaisha. Nchi nzima ilikuwa katika uhaba, wenye umri wangu mnakumbuka, na ngano yetu iliyokuja kwa kibali ikachelewa mwezi, ikachelewa wa pili, mpaka tukaambiwa tusiingoje. Tanuri likapoa, mijusi ikaingia. Kamati ikakaa, na kwa mara ya kwanza chai ililetwa bila kitu cha kutafunia. Msimamizi wa miradi alieleza kwamba banda lina wagonjwa saba wasio na kazi, nao wanakula chakula cha hospitali bure. Mganga mkuu akaomba majalada. Akayapitia moja baada ya jingine, kwa makini ambayo sikuwahi kuyaona, na katika muda wa kikombe kimoja cha chai wote saba walipona. Mimi niliandika: Amepona, aruhusiwe. Niliandika mara saba, nikapiga mihuri saba, na mjumbe mmoja akapendekeza tuingize katika muhtasari pongezi kwa mafanikio haya makubwa ya tiba kwa kazi. Pongezi ziliingizwa.

Watano walikuwa wa bara, wakapandishwa treni. Wawili walikuwa wa karibu. Mmoja alikuwa Fundi wetu, na wa pili mzee wa kijiji cha Janga, mchochea moto wa tanuri, mtu mpole asiyependa maneno, aliyekuwa kwetu muda mrefu kuliko hata mganga mkuu. Fundi alinipa mkono akakishika kile cheti kwa mikono miwili, hakukikunja, akaondoka nacho hivyo hivyo mpaka barabarani. Nilimwonea furaha kwelikweli, na nikajisifu moyoni kwamba mwandiko ulikuwa wangu.

Hazikupita siku nyingi unga ukaja. Ulikuja kwa ghafla, magunia mazuri, kwa sababu mgeni rasmi mkubwa alikuwa anakuja kuona mradi wetu ambao tulikuwa tumeusifu katika kila ripoti. Msimamizi aliwaweka watumishi wenye afya zao wakande. Mkate walioutoa sitauelezea kwa kuwa baadhi yao wangali hai. Kamati ikakaa. Hakuna aliyesema tuwarudishe waokaji. Ilisemwa tu kwamba wagonjwa waliotoka karibuni hawakufuatiliwa, kwamba katika maradhi haya kurejewa ni jambo la kawaida, na kwamba kwa usalama wao ingefaa walio karibu waletwe. Nikaandika: Wana dalili za awali za kurejewa na ugonjwa. Mmoja alikuwa Janga na mwingine Masaki, hakuna aliyewaona, na tulizijua dalili zao tukiwa tumekaa Kibaha. Nikapewa Landrova, dereva, mafuta ya safari moja na fomu mbili zilizokwisha jazwa, zimebaki na nafasi moja tu ya kuandika: Ameonekana au Hakuonekana.

Tulianzia Janga. Mzee tulimkuta anapalilia shamba la mpunga la ndugu yake. Nilimsalimia, akaitikia, nikamsomea fomu. Hakuuliza kitu. Alikwenda mtoni akanawa miguu, akamwambia shemeji yake asimwekee chakula, akapanda nyuma ya gari. Niliandika Ameonekana. Sikuona kama nimefanya jambo lolote, nilikuwa natekeleza safari.

Masaki tulifika jua limepanda. Hapakuwa na haja ya kuuliza nyumba, kwani watu kama kumi walikuwa wanakandika, fito zimesimama, na katikati yao Fundi, udongo magotini, anaponda kwa miguu na kuwatania wanaobeba maji. Mama yake alikaa kivulini kwenye kigoda. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu, umekuja kuona nyumba?" Watu wakaacha kazi walipoiona Landrova. Nikatoa karatasi nikaisoma. Kikongwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu kabisa, bila hasira, "Mimi siwezi kumzuia mtoto kutibiwa. Ila niambie, mwanangu, nami nijue. Anaumwa wapi?"

Nilimtazama mwanawe. Alikuwa ametoka udongoni, amesimama mbele yangu, jasho linamchuruzika. Yeye ndiye aliyenisaidia.

"Karani," akasema, "unga umekuja?"

"Umekuja."

"Mwingi?"

"Magunia ya kutosha."

"Basi naumwa sana." Hakuna aliyecheka. "Na nikirudi, nitapona lini?"

Ningeweza kumjibu kwa lugha ya ofisi, maana niliijua vizuri. Sijui kilichonipata. Nikamwambia, "Unga ukiisha." Ndiyo kauli ya kwanza ya kitabibu yenye ukweli niliyowahi kuitoa katika utumishi wangu. Mama yake akaniangalia, akainua mkono akaushika wangu wenye karatasi. Nikazitazama zile fito, nikautazama ukuta wa upande mmoja uliokwisha kukandikwa, nikamwambia Fundi aendelee kabla udongo haujakauka. Nikarudi garini.

Nilikaa mbele, nikaweka fomu gotini, nikaandika Hakuonekana. Mzee wa Janga alikuwa nyuma yangu, na kutoka pale alikuwa ameona yote. Sasa, hospitali yetu ilikuwa na madarasa ya kisomo cha watu wazima, nayo kusema haki yalifundisha kweli. Mzee akainama juu ya bega langu, akaanza kusoma kwa kidole, silabi baada ya silabi, mpaka akalimaliza lile neno. Dereva akawasha gari. Tulipokwisha kwenda kidogo akasema, bila kulaumu, kama mtu anayeuliza njia, "Na mimi, karani? Kule Janga, hukuweza kutoniona?"

Nilimjibu kwamba lazima nirudi na mtu. Akasema, "Haya, baba." Mgeni rasmi alikuja, akala, akausifu mkate, akasema wagonjwa wetu ni mfano kwa taifa. Mzee alichochea moto ule mvua mbili zaidi, akafia wodini, na fomu yake niliijaza mimi. Fundi alimaliza nyumba, mama yake akaishi humo mpaka siku yake ilipofika, na muuza mkaa ananiambia kuwa Fundi hadi mwisho wake alikuwa akiwasimulia vijana wa Masaki juu ya karani mmoja aliyemwokoa. Sina la kufanya na sifa hiyo.

Siidharau kazi iliyomtoa Fundi kaburini. Kukanda kulimrudishia sauti, na ningependa kila hospitali iwe na tanuri, ila anayekanda aweze kuweka unga chini, akanawa, akaenda kwao bila kuomba. Lakini hilo mngeweza kulisikia kwa yeyote. La kwangu ni jingine. Sisi tuliokaa mwisho wa meza na kalamu tumezoea kusema hatukuwa na uwezo, tuliandika tu tulichoambiwa. Nami nilisema hivyo, na niliamini, hadi pale Masaki nilipoandika neno moja na mtu akabaki kwao. Tangu siku hiyo sijaweza kusema tena kwamba Janga sikuwa na uwezo.